Miguu ya bibi na mishipa ya limfu

Bibi yangu alipoanza kuvimba miguu, majirani pale Tanga walisema matende, na siwalaumu maana pwani matende tumeyaona kwa macho. Ila ya bibi ilivimba yote miwili kwa pamoja, ukibonyeza kidole shimo linabaki, halafu usiku halali mpaka aegemee mito mitatu. Hospitali wakasema moyo umeshindwa kufanya kazi vizuri.

Basi mimi nikaishika habari ya moyo tu, kumbe majirani walikuwa karibu na jambo. Kwenye matende minyoo inaharibu mishipa ya limfu, yaani ile inayokusanya maji yaliyovuja kwenye damu (hayo maji ndiyo limfu) na kuyarudisha, kwahiyo maji yanakosa njia. Kwa bibi hakuna minyoo, mishipa imeelemewa.

Iko hivi. Mishipa midogo ya damu inavujisha maji kwenye nyama za mwili kama lita 8 hivi kwa siku, na sehemu kubwa sana inarudishwa na mishipa ya limfu, ambayo inajikamua yenyewe na ina vali za kuzuia maji yasirudi nyuma, mpaka mengi yanaenda kumwagika kwenye vena kubwa (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) hapa chini ya shingo upande wa kushoto. Sasa moyo ukizidiwa presha kwenye vena inapanda, kwahiyo maji yanazidi kuvuja huku chini na wakati huohuo pale pa kutokea panakuwa pagumu. Ni kama mtaro siku ya mvua kubwa na bahari nayo imejaa, maji yataenda wapi?

Mwaka 1963 huko New York daktari Allan Dumont na wenzake waliweka mrija kwenye mfereji mkuu wa limfu, pale shingoni, kwa wagonjwa wa moyo, wakatoa limfu nje na wagonjwa wakapata nafuu. Moyo wenyewe hawakuugusa! Mimi hii inanishangaza mpaka leo. Lakini huwezi kumwaga limfu kila siku, ina protini na chembe za kinga.

Ndo maana vidonge vya kukojoza na kupunguza chumvi nimeanza kuviheshimu, vinapunguza maji ili ule mtaro upumue. Bibi alikuwa anaviruka siku za msiba, anaogopa kuhangaika na choo ugenini, na hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Siku hizi tunampima uzito kila asubuhi kabla ya chai, ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu tunaenda kliniki hatusubiri miguu ivimbe.