Orofa za Mungu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na ule mstari wa Zaburi 104, Mungu anainywesha milima kutoka orofa zake. Nimeusikia tangu sande skuli nikijua ni maneno ya sifa tu, kumbe orofa yenyewe iko juu ya migomba yetu.

Sisi watu wa Kilimanjaro tukiuongelea mlima tunaongelea barafu, na kweli inaisha inauma. Ila kuna mtafiti Mjerumani, Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, ameifuatilia mimea ya mlima huu miaka mingi sana, kuanzia vihambani, yaani kwenye mashamba yetu ya migomba, mpaka kule juu kwenye mawe matupu, na anachosema ni kwamba maji tunayopoteza msitu wa juu ukiungua ni mengi kuliko ya barafu kuyeyuka. Kule ukishapita msitu mkubwa kuna miti ya erika, vijani vyake vyembamba kama sindano, matawi yamejaa ndevu za kijivu, sasa ukungu ukipita pale hata mvua isiponyesha kila kijani kinashika tone, linavimba, linaning'inia, linadondoka kwenye udongo laini kama sponji, na wewe uliyesimama chini unalowa mpaka shati. Hapo Mungu ananywesha, mbele ya macho yako kabisa.

Mwaka 1976 miti hiyo ilifunika karibu kilomita za mraba 190, kufika 2000 zimebaki 30 na kitu. Ungedhani joto likizidi miti itapanda kufuata baridi, na milima mingine duniani mimea inapanda kweli, lakini kwetu mpaka wa msitu umeshuka, maana mvua imepungua, juu kumekauka, moto ukiingia haushikiki. Oktoba 2020 mnaikumbuka, usiku tunatoka nje tunaona mlima una mstari mwekundu.

Na moto ule mara nyingi ni mkono wa mtu. Hapa ndipo Roho aliponibana. Nikiwa na miaka 16 nilipanda na mjomba kurina asali, tukawafukiza nyuki kwa mwenge, tukashuka na ndoo imejaa na nyuma yetu gogo linatoa moshi. Nikamwambia, mjomba pale bado panawaka. Akasema twende, mvua itazima. Mvua hiyohiyo ambayo leo tunafunga siku tatu kuiomba, na mfongo, ule mfereji wa maji wa pale nyumbani aliouchimba babu, umekauka mpaka watoto wanachezea gololi ndani yake.

Sijawahi kurudi kuliangalia lile gogo. Jumatano saa kumi jioni tuna maombi ya mvua kama kawaida, nimeshamwomba mzee wa kanisa anipe dakika chache za mwanzo nifanye toba kabla hatujaomba chochote, na mwenye gogo lake naye aje tupige magoti pamoja.