Tone la Amboni

Harusi ya binamu yangu ndiyo iliyonipeleka Tanga. Ilifana, tunamshukuru Mungu, lakini kilichonikaa moyoni ni saa mbili za mapango ya Amboni.

Basi la Arusha lilitushusha usiku, miguu imevimba. Gesti shilingi 25,000, feni haizunguki! Asubuhi nikapatana na dereva wa bajaji 10,000 kwenda Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini. Tulipofika akadai 15,000. Nikalipa, nikaingia pangoni na kinyongo.

Nilikuwa na kero kubwa kuliko hiyo. Miezi mitatu nilikuwa naandika programu ya kukadiria maji na kaboni dioksaidi vinavyoyeyuka katika magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Kila kimoja nilikijua kivyake. Mgandamizo ukipanda mara 4, maji yanayoyeyuka huongezeka kama mara 2 tu, kwa kuwa hufuata kipeuo cha pili. Kaboni dioksaidi huongezeka mara 4, ila ni haba mno: kwenye magma ya basalti, aina ya kawaida ya mwamba wa volkano, kilomita 4 hivi chini ya ardhi, maji hufika asilimia 3 hivi ya uzito, kaboni dioksaidi haifiki hata sehemu ya kumi ya asilimia moja. Magma ikipanda mgandamizo hupungua, na mvuke wa maji na gesi hiyo hutoka kama viputo. Lakini viputo vya programu yangu vilizaliwa karibu mno na uso wa ardhi, na vipimo vya maabara vilinikatalia.

Mzee aliyetutembeza alimulika stalaktiti moja, jiwe la chokaa lililoota kutoka darini, tone likining'inia nchani. Nikasema maji yakikauka ndipo chokaa inabaki.

"Humu hayakauki, mwanangu. Gusa ukuta."

Nikagusa. Kiganja kilirudi kimelowa.

Wenzangu walisonga mbele, mimi nikabaki na lile tone. Maji ya mvua yakipita udongoni hubeba kaboni dioksaidi ya mizizi na vijidudu, kisha huyeyusha chokaa. Yakifika pangoni, ambako hewa ina gesi hiyo kidogo kuliko udongo, gesi huyatoka na chokaa huganda. Na mgandamizo wa hewa humo ni uleule wa nje! Kinachoamua ni fungu la gesi yenyewe ndani ya hewa.

Kosa langu likawa wazi. Kila gesi nilikuwa nimeipa mgandamizo wote wa mwamba, kana kwamba kiputo ni chake peke yake. Kumbe zote mbili hukaa kiputo kimoja, kila moja na fungu lake, na ni jumla ya mafungu inayoshindana na uzito wa mwamba. Ndiyo maana viputo huanza chini zaidi: kaboni dioksaidi hutangulia kutoka, maji mengi hubaki hadi karibu na juu.

Mzee alikuwa akieleza mizimu na sadaka zinazoachwa pangoni. Nikakumbuka kwetu Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Ulipolipuka Septemba 2007 majivu yalifunika malisho, tukahamisha mbuzi. Lava ya mlima ule imejaa kaboneti, jamii moja na chokaa ya pangoni. Hutoka nyeusi, ikikaa hewani hugeuka nyeupe. Namba za basalti haziutoshi, na ndio mlima ninaotaka kuuhesabu.

Nikarudi mjini kwa daladala, nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Mlima vipi?"

"Marahaba. Umetulia leo. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha."