Mjomba, siri ya Wajapani ina bili yake

Haipiti wiki bila mjomba kurusha klipu ya Wajapani kwenye kundi la familia: watoto wanafagia darasa, treni haichelewi hata sekunde. Kisha swali lile lile: "Mjomba, wewe uko huko, siri yao nini?" Yeye jibu analo tayari, nidhamu. Mimi naishi Yokosuka, mji wa manowari kusini ya Tokyo, na nidhamu peke yake hainitoshi.

Julai 1853 Perry, kamanda wa meli za kivita za Marekani, alitia nanga hapa na meli 4, akashuka ufukweni Kurihama kudai bandari zifunguliwe. Wajapani hawakuwa na mzinga wa kumjibu. Mwaka 1865 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ikiwa tayari inayumba, ikamleta mhandisi Mfaransa, Léonce Verny, ajenge kiwanda cha meli. Aliyelisukuma jambo hilo ni ofisa wa shogun, Oguri Tadamasa. Mwaka 1868 utawala wa shogun ukaanguka na Oguri akakatwa kichwa, lakini waliompindua shogun hawakukitelekeza kiwanda hicho. Mle ndani Verny alikuwa na shule ya mafundi, na alipoondoka 1876, kazi ilibaki mikononi mwa Wajapani. Nyundo ya mvuke ya tani 3 waliyoinunua Uholanzi bado ipo, kwenye bustani yenye jina la Verny: pande la chuma jeusi linalomzidi mtu kimo, lililofua vyuma vya meli hadi miaka ya 1990. Mgeni wangu yeyote huanzia hapo.

Wengine hukimbilia Mikasa, manowari ya Admirali Togo, ambayo sasa ni makumbusho, imejengewa zege haiendi popote. Iliundwa Uingereza, mjini Barrow. Wajapani walikuwa bado wananunua huku wanajifunza. Mei 1905 Togo aliwasambaratisha Warusi pale Tsushima, kwenye bahari kati ya Japani na Korea. Kumbe Warusi hao walipita kwetu! Walitoka Baltiki Oktoba 1904, meli kubwa zikazunguka Afrika nzima, halafu wakakwama Nosy Be, Madagaska, hatua chache tu kutoka Komoro, tangu Januari hadi Machi, wanaugua na joto linawamaliza. Mwingereza, aliyefunga mkataba na Japani 1902, hakuwafungulia bandari zake. Makaa ya mawe waliletewa na meli za Wajerumani. Na Julai 1905 huku kwetu Wamatumbi wakang'oa pamba ya Mjerumani, Maji Maji ikaanza. Kwa hiyo mjomba asiniambie sisi tulikosa moyo. Tulikosa kiwanda, na muda wa kukijenga kabla hatujavamiwa.

Sasa bili. Kuanzia 1873 mwenye shamba alitozwa kila mwaka asilimia 3 ya thamani ya ardhi yake, kwa fedha taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Wakulima wakafanya fujo mpaka 1877 ikashushwa kuwa asilimia 2.5. Mwaka huo huo wa 1873 ikaja sheria ya kuwachukua vijana jeshini, wengi wao wakiwa watoto wa wakulima hao hao. Fedha za kigeni zililetwa zaidi ya yote na hariri, na hariri ilisokotwa na mabinti wa vijijini, kutwa nzima juu ya maji ya moto yenye vifukofuko vya viwavi wa hariri, kwa mikataba ambayo wazazi wao walikuwa wameshaila pesa yake. China nayo, iliposhindwa 1895, ikaandikiwa fidia ya tael (kipimo cha uzito cha Kichina) milioni 200 za fedha. Sehemu yake ikaenda kwenye kiwanda cha chuma cha Yawata.

Kazini nina mwenzangu Mkorea. Nilipomwambia nimetoka Mikasa aliniuliza swali moja tu: Novemba 1905 wameiandika? Ndio mwezi ambao Japani, ikiwa imeshamwondoa Mrusi njiani, iliilazimisha Korea kuwa chini ya ulinzi wake. Mwaka 1910 ikaimeza kabisa, hadi 1945. Babu yake mwenzangu huyo alisomeshwa kwa Kijapani shuleni, katika nchi yake mwenyewe.