Korongo letu Mbeya: visiki kwanza, miche baadaye

Kila anayeshuka kwenye korongo letu, huku chini ya mteremko wa Mlima Loleza, anatushauri jambo lilelile: pandeni miti. Wengine walituletea miche kabisa, mwezi Aprili, mvua ikiwa inaaga, wakataka tuipande siku hiyohiyo ili ipigwe picha. Ushauri wa namna hii ndio unaomaliza misitu midogo ya mjini, na nausema bila kumung'unya maneno. Mche wa Aprili huku kwetu hupata maji wiki chache tu, halafu ni ukavu mpaka Novemba, na Juni na Julai baridi inaongezeka juu yake. Leo mivengi ya korongoni, miti yetu ya asili inayopenda maji, imepita kimo cha mtu na kijito kina maji hata Oktoba. Kilichotufikisha hapo ni kuondoa kwanza milingoti, yaani mikaratusi, iliyokuwa korongoni: kung'oa, kubandua na kufyeka kwa adabu. Kupanda kulikuja nyuma sana.

Ya ofisini sitayarefusha. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao, muhtasari ukaandikwa, mtendaji akagonga muhuri, afisa misitu wa halmashauri akaja kukagua na kutoa kibali cha kukata. Usiwashe chensoo kabla ya karatasi hiyo, hata kama milingoti hiyo haina mwenyewe. Kilichotusaidia kikaoni ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ile inayolinda mita 60 kutoka kingo za mto. Waliokuwa na bustani ndani ya eneo hilo waliielewa, wakaomba wavune mboga zao kwanza, tukakubaliana.

Sasa visiki. Hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa sababu wanadhani mlingoti ukianguka umekufa. Mti ule una macho ya kuchipua chini ya gome lake, na mengi zaidi yamejaa kwenye uvimbe ulioko usawa wa ardhi. Ukikata shina, mizizi inabaki na akiba yote ya chakula, na baada ya wiki chache kisiki kimoja kinakuwa kichaka cha vijiti kumi na tano vinavyonyonya maji upya.

Tulishauriwa kumwaga chumvi. Tukashauriwa oili chafu. Tukashauriwa kuchoma matairi juu ya kisiki. Ya oili tuliikataa palepale, kwa kuwa kijito kinashuka mpaka kwa watu wanaofulia na kumwagilia matembele. Chumvi ilijaribiwa kwenye visiki vya juu karibu na barabara: mvua mbili zikaisafisha, majani ya kando yakanyauka, kisiki kikachipua upande wa pili. Moto nao unaunguza juu tu. Gome lililo chini ya udongo linabaki bichi, na mbaya zaidi, mzizi mkavu unaweza kuvuta moto chini kwa chini ukaibukia mbali, siku ambayo hakuna anayeulinda.

Kinachoua kisiki cha mlingoti ni kukivua gome lote, na kuna namna ya kulivua. Kata mti mwezi Januari hadi Machi, wakati maji yanapanda kwenye shina. Kipindi hicho gome linabanduka kwa mikanda mirefu. Ukisubiri Agosti linakuwa limeng'ang'ania mti, na kazi ya saa moja inakuwa ya mchana kutwa. Kata chini kabisa, kisiki kibaki kimo cha kiganja, maana kila sentimita unayoiacha ni gome la ziada la kubandua. Chimba kwa sururu kuzunguka kisiki mpaka uone mizizi mikubwa inapoachana, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30. Piga gome kwa kisogo cha shoka, taratibu, kuzunguka kisiki chote, mpaka usikie mlio umebadilika kutoka mkavu kuwa wa kitu kilichoachia. Halafu ingiza ncha ya panga kutoka juu na uvute kwenda chini. Ukifika kwenye uvimbe usiridhike, endelea mpaka shubiri moja juu ya kila mzizi mnene. Ukanda wa gome wa upana wa kidole ukibaki, hapo ndipo chipukizi litakapotokea, nawahakikishia. Shimo usilifukie. Acha jua na upepo vikaushe ule mti mweupe.

Machipukizi yatakayotokea hata hivyo usiyakate kwa panga, kwa sababu panapokatwa kimoja huota vitatu. Yashike yakiwa membamba kama kidole, yasukume kuelekea chini mpaka yang'oke na kitako chake. Kwa visiki vikubwa vilivyotushinda kubandua, hasa vile vilivyobana kwenye mawe, tuliacha machipukizi yafike magotini ndipo tuyavunje yote kwa mara moja. Yanapofika hapo mzizi umeshatoa akiba yake kuyalisha na majani bado hayajaanza kuurudishia. Mzunguko huo ukirudiwa misimu miwili ya mvua, kisiki kinaanza kutoa uyoga, na uyoga ni dalili nzuri.

Miwati, miti mingine ya kigeni, ni habari nyingine. Ukiukata usawa wa ardhi au chini kidogo, kwa kawaida hauchipui. Shida yake ni mbegu, zinazolala ardhini miaka mingi na kuamshwa na moto. Kwa hiyo mahali palipokuwa na miwati msichome takataka hata mara moja, na miche yake ing'olewe kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Lantana nayo, kile kichaka vamizi, ing'olewe kwa sururu kabla haijazaa, kwa sababu ndege wakishakula yale matunda meusi, mtaikuta kila kona.

Msiangushe milingoti yote kwa mkupuo. Mteremko wetu ni mkali, na udongo ukiachwa wazi mvua ya Januari inauhamishia kijitoni. Tulianza ukanda wa chini, karibu na maji, tukapanda juu ukanda kwa ukanda. Magogo yasiyofaa nguzo tuliyalaza kukata mteremko, yakashikiliwa kwa vigingi, na nyuma yake udongo ukajikusanya wenyewe. Hapohapo ndipo miche inapopenda. Fedha nyingi ilikwenda kwa mwenye chensoo na mafuta yake, laki na kitu kwa kila ukanda. Mapanga, majembe na toroli vilitoka majumbani.

Kupanda kwenyewe ni Desemba na Januari, mvua ikishakaa sawasawa. Kipimo chetu ni kuchimba kina cha sentimita 30 na kuchota udongo wa chini: ukifinyangika mkononi bila kumomonyoka, panda. Mashimo ni 30 kwa 30 kwa 30, umbali mita mbili badala ya tatu, maana tunataka majani yafunikwe kivuli mapema. Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, kinachanwa chote na kuondoka na mpandaji. Nimeona miche iliyopandwa na kiriba chake ikisimama miaka miwili bila kuongezeka, ukiivuta inatoka na mizizi iliyojizungusha ndani ya plastiki. Mizizi iliyojikunja chini ikatwe kwa wembe. Matandazo yawe manene, lakini yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina, la sivyo shina linaoza na mchwa wanapata pa kujificha.

Na muuaji mkubwa wa miche baada ya kupandwa, kuliko mbuzi, kuliko kiangazi, ni fyekeo la mtu mwenye nia njema. Majani yakifika kiunoni mche hauonekani, na kijana mwenye nguvu anapita nao katika kufyeka. Ndiyo maana kila mche wetu una kijiti cha mlingoti kilichobanduliwa gome, kimo cha mtu, kichwa chake kimepakwa chokaa. Kanuni ni moja: urefu wa mkono kuzunguka kijiti ni palizi ya mkono, fyekeo linaanzia nje ya hapo. Mwenye fyekeo hutanguliwa na mtu wa kutafuta vijiti. Kazi inakuwa polepole, sawa, iwe polepole.

Upande unaopakana na njia ya mbuzi tulitumia mikuyu, na hili ndilo ninalojivunia kuliko yote. Badala ya miche, tulikata matawi yaliyonyooka, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita mbili na nusu. Tukayaacha kivulini kutwa nzima ili utomvu ukauke kwenye jeraha, tukayasimika mwishoni mwa Novemba kina cha nusu mita, udongo ukashindiliwa kwa mguu. Ncha ya chini ikatwe mshazari na ya juu sawa, ili asiwepo wa kuyapanda kichwa chini. Majani yanachipua juu kabisa, mbuzi anayaangalia tu. Mengine hukauka, hasa yaliyosimikwa kwenye mawe, lakini yaliyoko karibu na maji hayakutuangusha.

Watu tunawapata Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ambayo mtaa mzima uko nje hata hivyo. Saa mbili zinatosha. Ukiita siku nyingine watakuja walewale, nao watachoka. Kila kaya ina safu yake ya vijiti, na inajua vingapi.

Mama zetu wa kuni hawakufukuzwa, na waliotushauri kuwafukuza walikosea. Ukifunga kabisa, matawi mabichi yatavunjwa usiku. Tulikubaliana: kuni kavu zilizoanguka, kwa mkono, bila panga, Jumamosi asubuhi. Magogo mazito yanabaki yaoze. Tangu hapo wao ndio wanaotuambia nani ameingiza mifugo na wapi kuna chipukizi la mlingoti tuliloliruka. Takataka nazo zilipungua tulipopogoa matawi ya chini kando ya barabara mpaka juu ya kichwa, kwa sababu mtu hamwagi mfuko wake mahali anapoonekana kutoka dukani.

Moto ndio unaotunyima usingizi kuanzia Agosti, watu wa mlimani wanaposafisha mashamba na upepo ukiwa juu. Barabara ya moto tunaitengeneza Mei na Juni, majani yakiwa bado mabichi. Ukichelewa mpaka Julai, unafyeka majani makavu na kuyalaza chini, yaani unautandikia moto kitanda. Upana ni mita tano, na mita nane upande wa juu ambako majani ni marefu. Unafyeka kwanza, kisha unapitisha jembe mpaka udongo mtupu uonekane, na yaliyofyekwa yanabebwa mpaka kwenye unyevu wa kijito. Yakiachwa pembeni yanavusha cheche. Septemba jembe linarudi tena, kwa sababu upepo unakuwa umeshamwaga majani ya milingoti ya jirani juu yake.

Ukiona moshi, piga 114 kwanza, halafu mkusanyane. Moto unapanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa hiyo asisimame mtu juu yake kwenye mteremko. Tunaingia kutoka nyuma, pale palipoungua, tunaupiga pembeni kwa matawi mabichi yenye majani mengi, wawili wawili, tukiubana kuelekea barabara ya moto. Tawi linapigwa na kukandamizwa, halirushwi juu, kwa maana ukilirusha unatawanya makaa. Ukishazimika kazi bado. Visiki vyote vya ukanda huo vinakaguliwa kwa mgongo wa mkono siku hiyo na kesho yake, na kinachotoa joto kinafukuliwa na kumwagiwa ndoo mpaka kipoe hadi mizizini.