Kompyuta Yangu Ilikuwa Ikizimika Ikipumzika

Kazi yangu ni kupiga video za kina mama. Hapa Amu, yaani Lamu, sherehe ya kupamba haiingii mwanamume, kwa hiyo anayeshika kamera awe mwanamke, na anayehariri vilevile. Bibi harusi amekaa kichwa wazi, dhahabu shingoni, hina hadi viwikoni, na wageni nao wamevua mabuibui wanacheza. Picha hizo zikionwa na jicho lisilohusika, mimi ndiye nitakayehama mji. Ndiyo sababu nilijifunza kufungua kompyuta mwenyewe. Siwezi kumpelekea fundi mashine ambayo diski yake imejaa wake na mabinti wa watu, na mafundi wote ninaowajua mtaa wa Langoni ni wanaume.

Mashine yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Mombasa ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, kisha kwa mkokoteni. Prosesa yake ni Intel Core i5-2500K, ya mwaka 2011, kori nne, kasi ya kawaida gigahezi 3.3. Kikongwe, najua. Lakini hiyo K ya mwisho maana yake kizidishio, ile namba inayozidisha kasi ya msingi, hakikufungwa, na nilibahatika ubao mama wake ni wa aina ya Z68, unaoruhusu kukipandisha, yaani kufanya ovakloki. Zile kompyuta za ofisini zinazoingia nchini zimeshatumika Ulaya, hata ukitia prosesa ya K, ubao hukukatalia. Hesabu yake ni nyepesi: kasi ya msingi ni megahezi 100, ukizidisha kwa 43 unapata gigahezi 4.3.

Kasi hiyo niliihitaji Mfunguo Mosi. Ramadhani ikiisha, harusi hufululizana, na mwaka ule nilikuwa na tatu ndani ya siku kumi. Video ya saa mbili ilikuwa ikila usiku mzima kwenye HandBrake, programu ya kusaga video ziwe faili ndogo, na asubuhi kabla sijanywa chai simu imeshalia: "Mwanangu, wasema kesho, kesho yenyewe haiyi!"

Nikaingia BIOS, kwenye mipangilio ya ubao mama, nikaandika kizidishio 43, volti nikaziacha kwenye Auto, ubao ujiamulie. Kosa la kwanza. Nilipofungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti, huku video ikisagwa, Vcore, yaani volti za prosesa, ilikuwa 1.39 na joto nyuzi 91. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene, dirisha moja, na pangaboi linazungusha hewa ileile. Ubao ukiachiwa ujiamulie, hujitilia volti za akiba nyingi ili usilaumiwe, na joto halipandi sawa na volti, hupanda kwa kipeo chake cha pili. Kutoka 1.28 hadi 1.39 waona ni tofauti ndogo, kumbe kwa kasi ileile umeongeza karibu asilimia 18 ya nguvu inayogeuka moto.

Basi nikaamua kuzipanga volti kwa mkono, na hapa lazima nieleze mambo mawili, maana ndipo nilipojichimbia shimo.

La kwanza ni ofseti. Prosesa hii huomba volti kulingana na kasi inayokwenda nayo: ikiwa imetulia kwenye gigahezi 1.6 huomba kidogo, ikikimbia huomba nyingi. Ofseti ni kipimo unachoongeza au kupunguza juu ya ombi hilo, na ukikipunguza, kimepungua kote, juu na chini. La pili ni LLC. Mfereji wako wa maji unajua ulivyo: jirani wakifungua wote pamoja, wako unakuwa mwembamba. Volti nazo hushuka prosesa ikianza kuvuta mkondo mkubwa, na LLC kazi yake ni kuziinua zisishuke sana. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba LLC kubwa ni nzuri, nikaiweka ngazi ya juu kabisa bila kuuliza.

Volti zikapanda kupita kiasi wakati wa kazi. Badala ya kushusha LLC, nikashusha ofseti. Nikashusha, nikashusha, hadi ilipofika hasi 0.080 na Vcore ikatulia kwenye 1.28 mashine ikiwa kazini, joto nyuzi 76. Prime95, programu ya kuikamua prosesa mfululizo kuona kama itakosea, ikaenda usiku kucha bila kosa hata moja. Nililala usingizi wa mtu aliyelipa madeni yake.

Kesho yake nilikwenda jikoni kuangalia wali. Niliporudi, kompyuta imejiwasha upya.

Ikawa desturi. Haikuzimika hata mara moja nikiwa nahariri, wala video ikisagwa. Hakuna kioo cha buluu cha Windows, hakuna namba ya kosa. Kwenye kumbukumbu za Windows nilikuta Kernel-Power 41 tu, ambayo haisemi zaidi ya kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Kila mtu nyumbani akasema ni stima, na mimi nikakubali, maana jina lenyewe lina neno la umeme. Nikanunua UPS, betri ya kuishikilia mashine stima ikikatika, kwa shilingi 9,500 nilizokuwa nimewekea lenzi. Ikazimika tena, na UPS kimya, haikupiga hata mlio, friji inaunguruma na pangaboi linazunguka. Nikapima memori kwa MemTest86, ikapita.

Nikampigia binamu yangu wa Mombasa, kijana wa michezo ya kompyuta. Hakuniacha nimalize.

"Dada, hiyo ongeza volti tu. Ovakloki ikizima, ongeza volti."

Nikaongeza 0.030. Joto likarudi juu, na kuzimika kukapungua, kutoka kila siku hadi siku mbili mara moja. Hilo ndilo lililonipoteza zaidi. Lau lisingesaidia kabisa ningeacha, lakini dawa inayotibu nusu hukufanya uendelee kuinywa. Nikajiona naelekea kulekule kwenye 1.39.

Kilichonitoa ni daftari. Ninalo la kuandikia malipo ya harusi, nikaanza kuandika pembeni kila mashine inapozimika. Baada ya wiki nilisoma orodha: baada ya Adhuhuri, baada ya Alasiri, baada ya Isha, tena baada ya Alasiri. Dada yangu alipoiona alisema huyo ni jini aliyesilimu. Tulicheka, lakini usiku nikaitazama tena ile orodha. Hizo ni saa ninazoinuka kitini. Mashine ilikuwa ikizimika mimi nikiiacha, yaani inaposhuka kwenye gigahezi 1.6 na kukaa bure.

Muda wote huo nilikuwa nikiitazama safu moja tu ya HWiNFO, ile ya kiwango cha juu kabisa, kwa sababu niliogopa moto. Sikupata kuitazama ya kiwango cha chini. Nikairudisha ofseti kwenye hasi 0.080, nikaiacha mashine imetulia, nikasoma: 0.896. Prosesa iliomba karibu 0.98 nami nikaikata hapohapo. Wakati wa kazi LLC ilikuwa ikinifichia makato yangu kwa kuziinua volti. Wakati wa kupumzika mkondo ni mdogo, LLC haina cha kuinua, kwa hiyo makato yakabaki mazima. Na Prime95, kwa usiku wote ule, haikuwahi kuiacha prosesa ipumzike hata dakika moja, ingeonaje?

Sikutaka kukisia tena baada ya hasara ya UPS. Nikazima C1E na EIST kwenye BIOS, ndizo zinazoiruhusu prosesa ishushe kasi na volti ikiwa haina kazi. Ikabaki kwenye 43 mchana na usiku. Siku tatu, haikuzimika. Ninaswali, ninapika, ninakwenda Mkomani kwa mama mtu kupima nafasi ya taa, nikirudi iko vilevile nilivyoiacha. Hapo nilijua.

Mtu angeweza kuiacha hivyo. Mimi sikutaka, kwa sababu ilikuwa ikitoa joto bure chumbani. Nikaziwasha tena C1E na EIST, nikashusha LLC ngazi mbili, kisha nikapandisha ofseti polepole, 0.005 kila mara, nikiangalia safu zote mbili. Ilipofika chanya 0.005, kazini ilisoma 1.288, na ikitulia 0.984. Volti za kazini karibu zilezile za mwanzo, joto lilelile, ila sasa za chini zimepata haki yake. Tena sikuipenda ile LLC ya juu hata baada ya kuielewa: kazi kubwa ikikatika ghafla, volti huruka juu kwa muda mfupi mno ambao HWiNFO haiwahi kuuona.

Majaribio yangu ya mara hii yalikuwa kichekesho. Niliiwasha usiku, nikaiacha haifanyi kitu, nikalala. Asubuhi ikawa hai. Kisha nikasaga video ya robo saa, nikaiacha itulie robo saa, nikasaga tena, hivyo hivyo mchana kutwa, maana nilishahisi kwamba pale kwenye kupanda na kushuka ndipo penye hatari kuliko kwenye kukimbia. Prime95 niliipa saa mbili tu mwishoni, kwa heshima.

Zile harusi tatu nilizikabidhi, moja ikiwa imechelewa siku sita. Mama wa bibi harusi aliipokea flashi bila neno, akaitia ndani ya mkoba, akaniuliza kama nina hakika hakuna mwingine aliyeona. Nikamwambia kompyuta haijatoka mlangoni mwangu. Akaniitia chai.

Binamu bado anasema ni volti tu zilikuwa chache, na ukitaka kumtetea, si kwamba alikosea kabisa. Zilikuwa chache mahali asipopataja. UPS nimebaki nayo, stima ikikatika hunipa dakika za kuhifadhi kazi. Na kaskazi ikishika, kuanzia Desemba, chumba hupata joto ambalo feni ya prosesa hailiwezi, basi hurudi BIOS nikashusha kizidishio hadi 41. Ofseti siigusi.