Bega lilipokataa kubeba kamera

Nina miaka 67, na riziki yangu ni kupiga picha za harusi hapa Nairobi. Ndege ni mapenzi tu. Mwaka jana msituni Karura nilimlenga mdiria, yule ndege anayevua samaki, mkono ukaanza kutetemeka, picha zote zikatoka na ukungu. Usiku huo bega liliniuma hata kuvua shati nikashindwa.

Nikaweka vyombo kwenye mizani ya jikoni. Kamera ya Nikon D850 pamoja na betri ni kilo moja na ushee, lenzi ya 70-200mm f/2.8 kama kilo 1.4. Uzito wote huo wauning'inize shingoni kutwa nzima!

Nikauza vyote, nikachukua kamera ndogo ya OM-5 ya gramu 414 na lenzi ya 40-150mm ya gramu 190. Kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kina eneo la takriban robo ya kile cha zamani, ndiyo maana lenzi hiyo ndogo inavuta kama ya 80-300mm kwenye kamera ya zamani. Ila ukumbini jioni, mwanga ukiwa hafifu, chembechembe zinaonekana pichani, hivyo nimeongeza lenzi ya 45mm f/1.8 inayoingiza mwanga zaidi. Mkanda nao sasa napitisha kifuani.

Jumamosi nilizunguka Karura kwa saa tatu. Mdiria nimempata, na tone la maji likimning'inia mdomoni.