Nilivyoipanga upya brauza ya steshenari yangu hapa Mwanga

Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ukifika, sisi wenye steshenari hapa Mwanga, Kigoma, chakula cha mchana tunakula tumesimama. Watoto wanatoka Ujiji, wanatoka Gungu, wengine wamepanda gari la alfajiri kutoka Kasulu, bahasha ya vyeti kwapani na mzazi pembeni. Printa haipoi. Na kazi yote hiyo, ukiacha kutoa kopi na kulaminisha, inapita kwenye brauza: kujaza fomu, kutoa namba ya malipo, kuangalia matokeo, kufungua barua pepe ya mtu ambaye hajawahi kuwa nayo.

Mwaka juzi, siku moja ya Jumatatu yenye foleni, nilimjazia fomu binti mmoja aliyekuja na baba yake. Nilikuwa naandika haraka. Kila nikiingiza herufi mbili tatu, brauza inaleta pendekezo, mimi nabonyeza Enter nasonga mbele. Nikachapa nakala ya kuhakiki nikamkabidhi. Binti akapitisha kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye taarifa za mzazi, akanyanyua uso.

"Dada, hii namba ya simu si ya baba."

Nikaichukua ile karatasi. Namba haikuwa ya baba yake, na kijiji pia hakikuwa chao. Vilikuwa vya mteja wa asubuhi, kijana aliyekwisha kuondoka na nauli yake. Brauza ilivihifadhi, ikamjazia mtu mwingine. Mzee akasema kwa upole, "Basi rekebisha, mwanangu, hatujachelewa." Nilirekebisha. Lakini usiku sikupata usingizi mzuri, maana kama binti yule asingesoma, ujumbe wa mkopo wake ungekwenda kwenye simu ya familia isiyomjua.

Kesho yake sikufungua asubuhi. Niliketi na ile kompyuta nikaanza kuiuliza: humu ndani kuna nini?

Jambo la kwanza nililofanya ni kufungua orodha ya viendelezi, vile vijiprogramu vinavyobandikwa juu ya brauza ili kuiongezea uwezo. Nilikuta 14. Mimi nilikumbuka kuweka viwili. Vingine aliviweka mdogo wangu aliyekuwa ananisaidia dukani, kila tatizo likija anatafuta kiendelezi cha kulitatua: cha kubadili PDF kuwa Word, cha kupakua video, cha kupiga picha ya skrini, cha hali ya hewa, cha kubadilisha fedha kwa ajili ya wateja wanaouza dagaa kwa Wakongo. Kimoja kilikuwa kimebadilisha hata ukurasa wa kutafutia, ndiyo maana kwa miezi kadhaa kila nikitafuta kitu yalikuja kwanza matangazo ya mikopo ya simu na dawa za nguvu.

Kilichonishtua ni ruhusa. Ukibonyeza jina la kiendelezi, brauza inakueleza kimeruhusiwa kufanya nini. Kile cha kubadili PDF kilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote. Tovuti zote ni pamoja na fomu ya mkopo, barua pepe ya mteja, namba ya NIDA, jina la mama yake mzazi. Na viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya. Kinaweza kuanza kikiwa chema, mwenyewe akakiuza, mnunuzi akaingiza mambo yake, na wewe huku Kigoma unaendelea kuona ile ile alama ndogo pale kwenye kona. Sisemi kile changu kilikuwa kinaiba, sina ushahidi. Ila hakuna sababu ya kigeuza PDF kukaa kinachungulia fomu za watu. Nikavifuta vyote 14. Vyote, hata vile viwili vyangu, nianze na meza tupu.

Kompyuta yangu ni ya zamani, RAM GB 4, Windows 7. Brauza ya Chrome iliacha kuipa matoleo mapya, la mwisho likiwa la 109. Firefox 115, iliyotoka mwaka 2023, nayo ni ya mwisho inayokubali Windows 7, lakini Mozilla, wenye Firefox, waliendelea kuipelekea marekebisho ya usalama kwa muda mrefu baada ya hapo. Hiyo ilitosha kunifanya nichague Firefox. Sababu ya pili ni kiendelezi cha kuzuia matangazo, uBlock Origin, ambacho kwenye Chrome kimeondolewa nguvu na mabadiliko ya kanuni za viendelezi, lakini kwenye Firefox kinafanya kazi kikamilifu.

Sasa sehemu niliyoifanyia kazi kweli kweli. Nilitengeneza profaili mbili. Profaili ni kama kuwa na brauza mbili ndani ya programu moja: kila moja ina historia yake, pasiwedi zake, viendelezi vyake na rangi yake. Unaandika about:profiles pale juu panapoandikwa anwani, unabonyeza kuunda mpya, unaipa jina. Ya kwanza nikaiita Duka, ni yangu: barua pepe yangu, akaunti ya kodi, oda za karatasi na wino. Ya pili nikaiita Wateja. Kwenye Wateja nilizima kuhifadhi pasiwedi, nikazima kukumbuka yaliyoandikwa kwenye fomu, nikaweka historia na vidakuzi vyote, vile vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kompyuta ili zikukumbuke, vifutike kila ninapoifunga. Nikatengeneza alama mbili za njia ya mkato kwenye skrini. Ile ya Wateja, nilifungua sifa zake (Properties), na mwishoni mwa kisanduku cha Target niliongeza -P Wateja -no-remote, hivyo ninaweza kuzifungua zote mbili kwa wakati mmoja bila kuchanganyikana.

Tatizo likawa hili: madirisha yote mawili yanafanana. Siku ya kwanza tu nilijikuta naanza kujaza fomu ya mtu ndani ya Duka. Hapo ndipo nilipoielewa thamani ya mandhari. Watu wengi huona mandhari ya brauza ni mapambo, mtu anaweka picha ya ua au nembo ya Simba na Yanga. Kwangu imekuwa kama rangi za madumu: la mawese halichanganywi na la mafuta ya taa. Profaili ya Wateja niliipa mandhari nyekundu iliyokolea, ukanda wote wa juu mwekundu, huwezi kukosea hata kama umesimama mbali unapokea hela. Duka nikalipa kijani. Kuna kiendelezi cha Mozilla wenyewe kinaitwa Firefox Color, unachagua rangi ya kila sehemu kwa mkono wako, ya vichupo, ya maandishi, ya kisanduku cha anwani. Nilikaa nacho nusu saa mpaka maandishi meupe yakasomeka vizuri juu ya wekundu, kwa sababu mara ya kwanza nilichagua wekundu mkali na macho yaliuma ilipofika saa kumi.

Tangu hapo kanuni ni moja na msaidizi wangu anaijua: mteja akikaa kwenye kiti, dirisha liwe jekundu. Akiinuka, dirisha linafungwa, anaona mwenyewe likifungwa. Nawaambia, "Taarifa zako zimefutika, mama, hakuna anayeziona baada yako." Wengi hawaulizi, lakini mimi nasema.

Kwa viendelezi nikaweka uBlock Origin kwenye profaili zote mbili, na kwa Wateja, ukiacha kile cha rangi, hicho ndicho peke yake. Hapa bando ndilo lililonisukuma. Nanunua data ya wiki kwenye modemu, na GB 1 niliyojipangia kwa siku ilikuwa inaisha saa tano asubuhi kabla hata foleni haijakolea. Ukurasa mmoja wa matokeo ya mtihani kwenye tovuti za watu binafsi unaweza kubeba video tatu zinazojicheza zenyewe na vitufe vitano vikubwa vya kijani vilivyoandikwa pakua, na hakuna hata kimoja cha kweli. Ukiwa na uBlock Origin vile vitufe vya uongo vingi havionekani kabisa, kinabaki kile chenyewe. Ndani ya mipangilio yake kuna kipengele cha kuzuia picha na video zinazozidi kilobaiti unazotaja. Niliweka 100. Picha kubwa haishuki mpaka uibonyeze. Pamoja na kuzima video zinazojicheza kwenye mipangilio ya Firefox, ile GB 1 ikaanza kufika jioni, na siku nyingine inabaki.

Kuna kitu kilinipotezea siku mbili, naomba kieleweke. Nikiwa bado sijazoea profaili, wateja wengine nilikuwa nawafungulia dirisha la faragha, lile lisilohifadhi historia. Bando likarudi kuisha kama zamani, nikadhani kiendelezi kimeharibika. Kumbe Firefox haikiruhusu kiendelezi kufanya kazi kwenye dirisha la faragha mpaka ukiruhusu mwenyewe. Unakwenda kwenye orodha ya viendelezi, unafungua hicho kimoja, unatia alama ya kuruhusu kwenye madirisha ya faragha. Basi.

Na kingine: kuna mama alikuja kulipia maombi ya cheti, nikabonyeza kitufe cha kutoa ankara, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikamwambia mtandao uko chini, asubiri. Alisubiri nusu saa nzima na mtoto mgongoni. Kumbe ankara ilikuwa inafunguka kwenye dirisha jipya na brauza ilikuwa inalizuia. Palikuwa na ujumbe mwembamba juu ya ukurasa ambao sikuusoma. Siku hizi tovuti za taasisi ninazozitumia kila siku nimeziruhusu moja moja kufungua madirisha, na pale ukurasa unapogoma kabisa nabonyeza alama ya uBlock Origin, nazima kwa tovuti hiyo tu, napakia upya. Sizimi kwa zote.

Dark Reader, kile kinachogeuza kurasa kuwa nyeusi, nilikijaribu kwenye Duka kwa ajili ya kazi za usiku. Ni kizuri, lakini kwenye mashine yangu kilifanya kurasa ndefu zijikokote, nikakiondoa. Kilichosaidia zaidi macho ni kitu kisichohitaji kiendelezi: kwenye mipangilio ya fonti niliweka ukubwa wa chini uwe 16 kwa profaili ya Wateja. Wazee wanavuta kiti karibu na wanasoma wenyewe kilichoandikwa kuhusu mtoto wao, badala ya kuniangalia mimi usoni na kuniamini. Tangu fomu ya yule binti, kabla ya kubonyeza tuma, nawageuzia skrini.

Mwezi uliopita dada yangu amefungua steshenari yake Ujiji. Sikurudia kazi yote. Kwenye about:support kuna kitufe kinachofungua folda ya profaili. Nilifunga Firefox kwanza, nikainakili ile folda ya Wateja kwenye flashi, nikapanda bajaji mpaka kwake. Tukaunda profaili mpya kwenye kompyuta yake, tukaifunga, tukamimina vilivyomo kwenye flashi ndani ya folda yake mpya, tukaiwasha. Dirisha likafunguka jekundu. Mteja wa kwanza alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti.